Miaka 147 ya Baba Yakobo

Waebrania sura ya 11 inawataja wazee wa imani mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja anakumbukwa kwa tendo lake. Nuhu aliunda safina. Ibrahimu aliondoka kwao bila kujua aendako. Musa alikataa kuitwa mwana wa binti Farao. Yakobo amepewa fungu moja tu, la 21. Msomaji angetarajia fungu hilo litaje ngazi aliyoiota kule Betheli, au usiku aliposhindana mweleka kwenye kivuko cha Yaboki. Halitaji hata kimoja. Linamwonyesha akiwa mzee anayekaribia kufa, ameegemea fimbo yake, akiwabariki wana wa Yusufu. Katika miaka 147, siku iliyochaguliwa ni hiyo.

Siku hiyo haieleweki bila kurudi nyuma kwenye nyumba aliyozaliwa.

Isaka alikuwa na miaka 60 Rebeka alipojifungua mapacha (Mwanzo 25:26). Ibrahimu bado alikuwa hai. Alimzaa Isaka akiwa na miaka 100 na akafa akiwa na miaka 175, kwa hiyo Yakobo na Esau walikuwa vijana wa miaka 15 babu yao alipofariki. Waliishi karibu na mzee aliyetoka Uru, aliyepewa ahadi, aliyenunua pango la Makpela kwa Efroni Mhiti kwa shekeli 400 za fedha. Pango hilo litarudi mwishoni mwa habari hii.

Nyumba ilikuwa na ahadi ya Mungu, lakini ilikuwa pia na ufa. Isaka alimpenda Esau kwa sababu ya nyama ya mawindo, na Rebeka alimpenda Yakobo. Biblia inalisema jambo hilo katika fungu moja bila kulipamba (Mwanzo 25:28), na karibu kila msiba wa sura zinazofuata umetokea hapo. Esau alirudi porini na njaa, Yakobo akamuuzia chakula cha dengu kwa bei ya haki ya mzaliwa wa kwanza. Baadaye Isaka alipokuwa mzee na macho yake yamepoteza nuru, Yakobo aliingia kwake amevaa nguo za kaka yake, na ngozi za wana-mbuzi zimefungwa mikononi na shingoni. Mzee alitilia shaka, akauliza, akapapasa, akanusa nguo, kisha akabariki. Esau aliporudi na nyama yake, kilio chake kilijaza hema.

Yakobo akakimbia. Watu wengi humfikiria kama kijana mdogo katika safari ile ya Harani, mji ambao leo uko kusini mwa Uturuki, lakini mafungu yakiunganishwa yanaonyesha jambo jingine. Yusufu alikuwa na miaka 30 aliposimama mbele ya Farao. Ikapita miaka 7 ya shibe na 2 ya njaa, na baba yake akafika Misri akiwa na miaka 130. Kwa hesabu hiyo Yakobo alikuwa na miaka 91 Yusufu alipozaliwa, na kwa kuwa Yusufu alizaliwa wakati miaka 14 ya kwanza ya utumishi kwa Labani ilipokwisha, Yakobo aliondoka nyumbani akiwa na miaka 77. Alikuwa mtu mzima aliyejua alilofanya. Alivuka Yordani na fimbo tu mkononi. Maandiko hayasimulii kwamba alimwona mama yake tena.

Waswahili husema mwosha huoshwa. Kule Harani alipokewa na mjomba wake Labani, akampenda Raheli, akatumika miaka 7 kwa ajili yake, na miaka hiyo ikapita upesi kwa sababu ya mapenzi. Asubuhi baada ya arusi aliyekuwa hemani ni Lea. Yakobo alipolalamika, mjomba alimjibu kwamba kwao mdogo hatangulii mkubwa. Jibu hilo lilimpata mahali panapouma, kwa maana yeye mwenyewe alikuwa mdogo aliyemtangulia mkubwa wake, naye alifanya hivyo gizani mbele ya baba asiyeona. Akatumika miaka 7 mingine kwa ajili ya Raheli, kisha 6 kwa ajili ya mifugo, na ujira wake ukabadilishwa mara kumi.

Watoto 11 wa kiume na binti, Dina, walizaliwa katika miaka hiyo, kwa mama wanne. Majina ambayo Lea aliwapa wanawe wa kwanza yanasikitisha kuyasoma. Kila jina ni la mke anayetumaini kwamba sasa mumewe atamtazama. Wasomaji waliolelewa katika nyumba za mitala hawahitaji maelezo. Watoto huanza kuhesabu mapema: ni kwa mama gani baba analala, ni nani anaitwa kwanza, ni nani ananunuliwa nguo.

Alipokuwa na miaka 97 Yakobo alirudi Kanaani na kusikia kwamba Esau anakuja na watu 400. Alitanguliza zawadi ya wanyama 550, bila kuhesabu wana wa ngamia, wakiwa makundi makundi yaliyoachiana nafasi njiani. Usiku akabaki peke yake kwenye Yaboki, akashindana hadi alfajiri na Yule ambaye hakuweza kumshinda wala hakutaka kumwachilia, akatoka na jina jipya la Israeli na mguu unaochechemea. Usiku huo umefundishwa mara nyingi katika shule ya Sabato, na ni haki yake. Lakini yaliyofuata asubuhi yake hayafundishwi mara nyingi. Soma Mwanzo 33:2. Yakobo aliipanga familia yake kwa mstari mbele ya hatari: vijakazi na watoto wao mbele, Lea na watoto wake nyuma yao, na Raheli na Yusufu mwisho kabisa. Yeye mwenyewe alitangulia mbele ya wote, na hilo lilikuwa jambo jema. Hata hivyo Dani, Naftali, Gadi na Asheri walikuwa na macho. Siku ile, wakiwa bado wadogo, waliona baba amewapanga wapi. Esau alimkimbilia ndugu yake, akamkumbatia na kulia, mapanga hayakutoka, na mstari ule ukavunjika. Waliopangwa ndani yake hawakuusahau.

Swali la darasa: Yakobo alikuwa ametoka tu kubarikiwa na kupewa jina jipya. Kwa nini kupendelea kulibaki ndani yake asubuhi ileile?

Miaka iliyofuata ilikuwa na maumivu mengi. Dina alitendewa ubaya kule Shekemu, na Simeoni na Lawi wakalipiza kwa upanga. Raheli alikufa njiani akimzaa Benyamini, akazikwa karibu na Bethlehemu. Reubeni aliuvunjia heshima unyumba wa baba yake. Katikati ya hayo Yakobo alimshonea Yusufu kanzu ndefu. Yusufu alikuwa na miaka 17. Kwa ndugu zake nguo ile haikuwa nguo tu. Ilikuwa ni ule mstari wa siku ya Esau, umerudi mbele ya macho yao kila asubuhi.

Wakamuuza kwa vipande 20 vya fedha, wakachinja mbuzi, wakaichovya kanzu katika damu, wakampelekea baba. Yakobo aliyemdanganya baba yake kwa vazi la kaka na ngozi ya mbuzi alidanganywa na wanawe kwa vazi na damu ya mbuzi. Wala hawakusema kwa mdomo kwamba amekufa. Walimpa tu kanzu aitambue, akajiambia mwenyewe yaliyobaki. Walipokuja kumfariji, alikataa kufarijiwa, naye hakujua kwamba wafariji wake ndio waliomuuza mtoto.

Kuomboleza kule kulidumu miaka 22. Ndani ya miaka hiyo kuna mazishi ambayo ni rahisi kuyapita bila kuyaona. Isaka alikufa akiwa na miaka 180, Yakobo akiwa na 120, na Esau na Yakobo wakamzika pamoja (Mwanzo 35:29). Kwa utaratibu wa sura, kifo hicho kimeandikwa kabla ya habari za kanzu, lakini kwa hesabu ya miaka kilitokea miaka 12 baadaye. Isaka aliishi akimwona mwanawe akimlilia Yusufu. Na siku mapacha wawili wazee waliposimama kaburini, wamepatana, Yusufu alikuwa hai katika gereza la Misri, na miaka 29 yake, akingoja mnyweshaji amkumbuke.

Njaa ndiyo iliyoifungua siri. Wana kumi walishuka Misri kununua nafaka, wakarudi bila Simeoni, wakiwa na sharti la kumleta Benyamini. Yakobo alikataa. Mwana wa Raheli aliyebaki hakuwa wa kusafirishwa. Chakula kilipokwisha alikubali kwa shingo upande, Yuda akijitoa kuwa mdhamini. Yuda ndiye aliyekuwa ametoa wazo la kumuuza Yusufu. Sasa alisimama mbele ya mtawala wa Misri, bila kujua kwamba ni ndugu yake, akaeleza kwamba roho ya baba yao imefungamana na roho ya kijana huyu, kisha akaomba abaki yeye utumwani badala yake (Mwanzo 44). Yakobo hakuwa ameacha kupendelea. Aliyebadilika kwanza ni mwana asiyependelewa. Alimkubali baba jinsi alivyo, na akachagua kuteseka yeye kuliko kumwona mzee yule akishuka kaburini kwa huzuni. Yusufu aliposikia maneno hayo hakuweza tena kujizuia.

Yakobo alipoambiwa kwamba Yusufu yu hai, moyo wake ulizimia, hakuamini. Kilichomwamsha ni magari. Alipoyaona magari yaliyotumwa kumchukua, roho yake ikafufuka. Hata hivyo hakukimbilia Misri. Alisimama kwanza Beer-sheba, mwisho wa nchi, akatoa dhabihu. Alikuwa na sababu ya kusita, kwa maana Isaka baba yake alikatazwa kushuka Misri wakati wa njaa (Mwanzo 26:2). Usiku ule Bwana alimwondolea hofu na kumwahidi kwamba Yusufu ndiye atakayeyafumba macho yake. Ndipo akaenda, na jamaa yake, watu 70.

Kule Gosheni Yusufu alimwangukia shingoni akalia kitambo kirefu. Kisha akampeleka kwa Farao. Wafugaji walikuwa chukizo kwa Wamisri, na huyu alikuwa mfugaji mzee anayechechemea, mwenye kuja kuombea jamaa yake malisho. Lakini yeye ndiye aliyembariki Farao, alipoingia na tena alipotoka. Alipoulizwa umri wake hakujisifu. Alisema miaka yake ni michache na migumu, haijafikia ile ya baba zake.

Aliongezewa 17 mingine. Yusufu alikuwa naye miaka 17 ya kwanza ya maisha yake, akapotea miaka 22, kisha baba na mwana wakawa pamoja tena miaka 17. Mwanzo haina habari nyingi za miaka hiyo ya mwisho. Walikaa Gosheni, wakazaa, wakaongezeka. Baada ya sura nyingi za machozi, ukimya huo wenyewe ni zawadi.

Kisha akaugua. Yusufu akaja na wanawe Manase na Efraimu. Picha nyingi huwachora kama watoto wadogo mapajani mwa babu, lakini walizaliwa kabla ya njaa kuanza, basi wakati huu walikuwa vijana wa miaka kama 20, wana wa waziri mkuu na wa binti wa kuhani wa Oni. Wangeweza kuwa Wamisri moja kwa moja. Yakobo alijikaza akaketi kitandani, akawafanya wanawe mwenyewe, sawa na Reubeni na Simeoni. Kwa tendo hilo vijana wawili waliokuwa na kila kitu Misri walipewa fungu katika nchi ambayo babu yao hakumiliki ndani yake zaidi ya viwanja vichache na kaburi.

Yusufu aliwapanga vizuri, Manase mkubwa upande wa mkono wa kuume wa mzee, Efraimu upande wa kushoto. Yakobo akaipishanisha mikono. Yusufu akachukizwa, akaushika mkono wa baba ili auhamishe, kwa maana macho ya mzee yalikuwa mazito kwa uzee na Yusufu alidhani amekosea. Hapa ndipo siku hii inapokutana na siku ile ya hema la Isaka: mzee asiyeona vizuri, ndugu wawili, mdogo anatangulizwa. Lakini safari hii hakuna nguo ya kuazima, hakuna ngozi ya mbuzi, hakuna mama nyuma ya pazia. Mzee anajua anachofanya na anasema kwamba anajua. Manase naye hakufukuzwa mikono mitupu. Alibarikiwa palepale, kwa midomo ileile, kwamba naye atakuwa taifa. Na katika Maandiko hakuna kilio cha Manase, wala chuki kati ya vijana hawa wawili. Baraka ambayo Yakobo aliiiba akiwa na nguvu, aliitoa bure akiwa hana nguvu, ameegemea fimbo. Mtu aliyevuka Yordani na fimbo tu alikuwa amebakiwa na fimbo, na yote mengine yalikuwa mikononi mwa Mungu.

Swali la darasa: Soma Mwanzo 48:15, 16. Yakobo anamwita Mungu mchungaji wake tangu kuzaliwa hadi siku hiyo. Ni miaka ipi kati ya hiyo ambayo ingekuwa vigumu zaidi kwake kuiita miaka ya kuchungwa?

Baadaye akawaita wanawe wote 12. Maneno yake ya sura ya 49 si ya kubembeleza. Reubeni aliambiwa kosa lake, Simeoni na Lawi wakaambiwa ukali wao, mbele ya ndugu zao. Yuda akapewa fimbo ya enzi, na Wakristo wanajua ni nani aliyetoka katika kabila hilo. Yusufu bado alipata maneno mengi na sehemu ya ziada. Mzee hakugeuka kuwa mtu mwingine kabisa. Lakini Dani, Gadi, Asheri na Naftali, wale wa mstari wa mbele, waliitwa kila mmoja kwa jina lake, na kila mmoja akapewa neno lake.

Jambo la mwisho lilikuwa kaburi. Tayari alikuwa amemwapisha Yusufu asimzike Misri. Familia nyingi za Afrika Mashariki zinaelewa agizo hilo bila kufafanuliwa, maana zimewahi kuchanga nauli ili mzee aliyefia mjini apelekwe akazikwe kwao. Sasa akalirudia kwa wana wote: pango la Makpela, shamba la Efroni, huko walikozikwa Ibrahimu na Sara, Isaka na Rebeka, na huko alikomzika Lea. Raheli alikuwa peke yake kando ya njia ya Bethlehemu. Mke aliyemtumikia miaka 14 hakulala naye kaburini. Aliyelala naye ni yule aliyetafuta kutazamwa katika jina la kila mtoto, na Yakobo mwenyewe, akiwa na akili zake zote, ndiye aliyeomba alazwe hapo.

Akaikunja miguu yake kitandani, akafa. Yusufu akamwangukia usoni, akamlilia na kumbusu. Waganga wa Misri walimpaka dawa siku 40, na Wamisri wakamlilia siku 70. Msafara ukatoka na magari na wapanda farasi, wazee wa nyumba ya Farao pamoja na wana wa Israeli, hadi Goren-ha-atadi, ambako waliomboleza siku 7 nyingine hata wenyeji wa Kanaani wakapaita mahali pale Abel-Mizraimu kwa sababu ya kilio cha Wamisri. Kisha wanawe wakamchukua mpaka Makpela. Hata leo, mjini Hebroni, juu ya mahali panapotajwa kuwa ndilo pango hilo kuna jengo kubwa la mawe la enzi ya Herode, na Wayahudi, Waislamu na Wakristo huenda kumkumbuka baba yule.

Baada ya maziko ndugu waliingiwa na hofu. Baba amekwenda, labda Yusufu alikuwa akingoja tu siku hii. Wakamtumia ujumbe kwamba baba kabla ya kufa aliagiza wasamehewe. Katika sura zote za Mwanzo hakuna mahali Yakobo anapotoa agizo hilo. Huenda alilitoa faraghani, huenda walilitunga kwa woga. Yusufu hakuulizia ushahidi. Alilia waliposema naye hivyo, akawaambia wasiogope, akaahidi kuwalisha wao na watoto wao, akawatuliza kwa maneno ya upole, na wote wakaendelea kukaa Misri, nyumba nzima ya baba yao.